Dereva au Mkalimani?

Asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini nilikuja kuielewa nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni.

Mhadhiri wetu wa tafsiri alitupa makala ya kompyuta tuitafsiri. Ndani yake ilitajwa ile programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kichapishi, kipanya au kamera. Waingereza huiita kwa jina la mwendesha gari; nami bila kusita nikaandika 'dereva wa kifaa'. Kazi iliporudishwa, palikuwa na swali moja kwa wino mwekundu: "Umewahi kumwona?"

Swali lilinichoma. Nilimwendea mwenzangu wa chumba, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, nikamwomba anionyeshe dereva huyo. Akacheka. "Haonyeshwi, ndugu yangu. Huandikwa."

Tukaketi mbele ya mashine yake iliyotumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, ambao msimbo wake u wazi kwa yeyote. Tuliandika faili fupi kwa lugha ya C, tukaliita salamu. Lilikuwa na sehemu tatu: ya kwanza ilibisha hodi kwenye kiini cha mfumo na kujiandikisha, ya pili ilijibu kila programu iliyotaka kusoma, ya tatu ilifuta uandikishaji huo wakati wa kuaga. Kwa amri ya make tukapata salamu.ko, kwa mamlaka ya msimamizi tukaipachika kwenye kiini kwa insmod, kisha tukaiundia mlango katika saraka ya /dev kwa mknod.

Nilipousoma mlango ule kwa amri ya cat, skrini iliganda. Kibodi haikuitika. Kurasa tano za insha yangu ya isimu, ambazo sikuwa nimezihifadhi, zikaenda arijojo.

Kosa lilikuwa langu: nilitumia kielekezi nisichokipa anwani, nacho kikaandika juu ya kumbukumbu ya kiini chenyewe. "Programu ya kawaida ikikosea, kiini huizima peke yake," mwenzangu alinieleza. "Hii imo ndani ya kiini. Ikianguka, huweza kuangusha nyumba nzima."

Mara ya pili salamu ilijirudia bila kikomo, kwa kuwa sikurudisha sifuri, ishara kwamba maneno yamekwisha. Mara ya tatu neno 'Hujambo' lilitokea mara moja, kimya kikafuata. Tukaiondoa kwa rmmod, nayo ikaaga kwa adabu.

Sasa nilikuwa nimemwona. Hashiki usukani wala hachagui njia. Husimama baina ya wawili wasioelewana, akampokea huyu na kumfikishia yule, naye hana budi kujua pa kunyamaza. Akipotosha, wote wawili huangamia. Mtu wa aina hiyo Waswahili wana jina lake: mkalimani.

Nilimrudia mhadhiri na istilahi 'programu kalimani'. Nilimkumbusha pia kwamba 'kiendeshi' tayari hutumiwa kutaja kifaa cha diski, hivyo kingewachanganya wasomaji. Hakuikubali wala hakuikataa. Alisema istilahi haipitishwi na mwalimu bali na ndimi za watumiaji. Basi nami naiweka mbele yenu, muipime.

Insha ya isimu niliiandika upya usiku kucha. Safari hii niliihifadhi kila baada ya aya.