Hodi kwa Jina la Mwingine

Katika taarifa za vitengo vya TEHAMA kuna safu moja inayonitia mashaka kila ninapoikuta. Safu hiyo huitwa "chanzo". Chini yake huorodheshwa namba zilizotenganishwa kwa nukta, na msomaji, hasa akiwa mkuu wa idara asiye na muda, huzipokea kama anavyolipokea jina la mtuhumiwa katika jalada la polisi. Chanzo ni fulani. Basi fulani ndiye aliyetenda. Faiawoli, yaani ule ukuta wa ulinzi unaokaa kati ya mtandao wa ndani na dunia ya nje, haijawahi kudai hivyo. Inaandika tu kile ilichoambiwa mlangoni.

Taaluma yangu ni utawala wa umma, si uhandisi, na nisingejishughulisha na mambo haya kama yasingeletwa mezani katika kikao cha nidhamu. Kabla ya kufika kikaoni, hata hivyo, inafaa tuelewane kuhusu namna mawasiliano ya intaneti yanavyosafiri.

Kila ujumbe hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani mbili: ya anayepelekewa na ya aliyepeleka. Ruta, ile mitambo inayozisukuma pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, kwa kawaida huangalia anwani ya anayepelekewa tu, kwa sababu hiyo ndiyo inayohitajika ili safari iendelee. Anwani ya aliyepeleka hujazwa na mpelekaji mwenyewe, na akitaka kuandika ya jirani yake, hakuna ndani ya itifaki yenyewe kitu cha kumzuia. Watumishi wa umma watalielewa jambo hili upesi. Nani kati yetu aliyekaa ofisini miaka kumi bila kuona barua ya majungu iliyosainiwa kwa jina la mtu ambaye hakuiandika? Posta iliifikisha salama, kwa kuwa kazi ya posta ilikuwa kuifikisha.

Udhaifu huu si siri wala si ugunduzi wa juzi. Robert Morris wa Bell Labs aliueleza mwaka 1985, na Steven Bellovin akauandikia tena kwa upana mwaka 1989. Siku ya Krismasi ya mwaka 1994 kompyuta za mtafiti Tsutomu Shimomura, huko California, ziliingiliwa kwa hila hiyohiyo: mvamizi alijifanya kompyuta ambayo zilikuwa zikiiamini. Septemba 1996, Panix, kampuni ya huduma za intaneti ya New York, ilisumbuliwa kwa siku kadhaa na furiko la maombi yenye anwani za kughushi, na dunia ikalazimika kulizungumza jambo hilo hadharani.

Lile furiko la Panix linaeleweka vizuri kwa desturi yetu wenyewe. Kompyuta mbili zinapotaka kuzungumza kwa njia ya kawaida, huanza kwa hatua tatu. Mgeni hupiga hodi. Mwenyeji hujibu karibu, na papo hapo humwekea mgeni kiti. Mgeni huitikia, kisha mazungumzo yanaanza. Sasa chukulia kwamba mtu anapiga hodi mara elfu kwa sekunde, kila mara kwa sauti ya mtu mwingine asiyekuwapo. Mwenyeji hujibu karibu kwa kila mmoja, huweka kiti kwa kila mmoja, na husubiri. Waitikiaji hawaji, maana waliotajwa hawakubisha. Viti vinakwisha, na mgeni wa kweli anayefika wakati huo anakuta nyumba imejaa watu ambao hawamo. Mwaka huohuo wa 1996 Daniel J. Bernstein alipendekeza dawa ambayo bado inatumika: mwenyeji asiweke kiti wala kumbukumbu yoyote anaposikia hodi, bali aambatishe katika jibu lake alama iliyokokotolewa kwa siri yake mwenyewe. Anayerudi na alama hiyo ndiye anayepewa kiti. Aliyeghushi anwani hawezi kurudi nayo, kwa kuwa jibu halikumfikia yeye.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo ningependa kila mjumbe wa kamati ya uchunguzi aijue. Mazungumzo yaliyokamilika yanathibitisha, kwa kiasi kikubwa, kwamba majibu yalifika katika anwani iliyotajwa. Hodi peke yake haithibitishi chochote kuhusu aliyebisha. Na hata mazungumzo yaliyokamilika yanathibitisha anwani, si mtu: kampuni za simu huwapitisha wateja wengi mno nyuma ya anwani moja ya umma, kiasi kwamba kuifunga anwani hiyo ni kama kuufunga mtaa mzima kwa sababu ya nyumba moja.

Sasa kikao. Katika chuo kimoja nilichopata kukihudumia, mfumo wa usajili wa masomo ulizorota kwa siku mbili, katika wiki ambayo wanafunzi wasiojisajili wangepoteza nafasi ya kufanya mitihani. Taarifa ililetwa. Ilikuwa na kurasa nyingi na majina manne. Wote wanne walikuwa wakaazi wa bweni moja. Vifaa vyao vilikuwa vimesajiliwa kwa anwani zilizoonekana katika safu ya "chanzo". Mmoja wao alikuwa kiongozi wa wanafunzi ambaye mwezi uliotangulia alikuwa ameandika waraka mkali kuhusu kucheleweshwa kwa fedha za kujikimu. Pendekezo lilikuwa na sehemu mbili: wanne hao wasimamishwe masomo uchunguzi ukiendelea, na bweni zima likatiwe mtandao hadi mhusika atakapojitokeza. Sitasema kwamba kuna aliyepanga matokeo hayo. Nasema tu kwamba yalipokelewa kwa wepesi ambao sijauona katika kamati hiyohiyo ilipojadili wizi wa mafuta ya jenereta.

Kijana wa kitengo cha TEHAMA aliyeandaa takwimu za awali aliitwa ili ajibu maswali. Nilimuuliza pakiti hizo ziliingia kupitia mlango upi.

"Dokta, ziliingia kupitia mlango wa nje, ule unaotuunganisha na mtoa huduma."

"Na bweni liko ndani au nje ya mlango huo?"

"Liko ndani, Dokta. Pakiti za bweni hazina sababu ya kutokea nje."

Nikamwomba aeleze kama orodha ya awali ilikuwa na anwani nne. La. Ilikuwa na mamia, zimeenea katika kitalu chote cha anwani za umma kilichotengewa bweni lile, na nyingi hazikuwa zimepewa kifaa chochote. Yaani hodi zilipigwa kwa majina ya watu ambao hawajazaliwa. Aliyeandika taarifa ya mwisho aliziondoa zile zisizo na wenyewe na kubakiza nne zenye majina, kwa hoja kwamba hizo ndizo zinazofuatilika. Na kati ya hodi zote hizo, hakuna hata moja iliyofika hatua ya tatu. Mwenyekiti aliomba maelezo hayo yarudiwe kwa Kiswahili cha kawaida, ingawa yalikuwa yamekwisha kutolewa kwa Kiswahili cha kawaida.

Nimelitafakari sana lile tendo la kubakiza anwani zenye majina. Halikuwa la kiufundi. Lilikuwa tendo la kiutawala, la aina ambayo sisi tunaofundisha fani hii tunaijua vema: mfumo unapotakiwa kutoa mhusika, hutoa yule anayepatikana. Anwani mia kadhaa zisizo na mtu zilikuwa ndizo ushahidi wenyewe, tena wa kuwatoa hatiani wale wanne, na ndizo zilizofutwa kwa kuwa hazikumtaja yeyote.

Sheria yetu haikulisahau jambo hili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inapozungumzia uzito wa ushahidi wa kielektroniki, inataka iangaliwe jinsi data ilivyozalishwa, ilivyohifadhiwa, uadilifu wake ulivyolindwa, na pia jinsi mwanzilishi wake alivyotambuliwa. Hilo la mwisho ndilo mara nyingi hurukwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa mwaka huohuo, ndiyo inayonukuliwa vikaoni, kwa sababu ina adhabu. Dada yake, iliyo na masharti ya uthibitisho, hubaki kabatini.

Tukirudi kwenye ukuta: lile furiko lingeweza kuzuiwa, sehemu kubwa, kwa amri moja. Pakiti inayofika kwa waya wa nje huku ikidai kutoka ndani ni ya uongo, na hutupwa bila mjadala. Vivyo hivyo pakiti inayotoka nje ikidai anwani za matumizi ya ndani tu, zile zilizotengwa tangu Machi 1994 zisizopaswa kuonekana katika intaneti ya umma. Hakuna haja ya kumtambua mwovu. Inatosha kuujua mlango na kujua ni anwani zipi zinazoweza kupita hapo kihalali. Ruta nyingi zinaweza hata kujiuliza zenyewe: kama ningemjibu huyu, ningetuma jibu kupitia mlango huu aliotokea? Ikiwa jibu ni la, pakiti haipiti. Ila taasisi yenye watoa huduma wawili iwe na tahadhari, kwa maana pakiti halali inaweza kuja kwa njia moja na jibu lake likaenda kwa nyingine. Ukali usio na subira hapo huwafungia nje wasio na kosa.

Amri ya pili ndiyo inayonivutia zaidi kama mwanafunzi wa siasa. Paul Ferguson na Daniel Senie waliiandika rasmi Mei 2000, na wahandisi huijua kwa jina la BCP 38: kila mtandao uzuie pakiti zinazotoka kwake zikiwa na anwani zisizo zake. Tazama muundo wa maslahi hapo. Gharama ni yangu: kazi ya fundi, hatari ya kukosea, malalamiko ya mteja. Faida ni ya mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyofika, ambaye hatashambuliwa kwa kupitia kwangu wala hatajua kwamba nilimkinga. Hili ni tatizo la mfereji wa maji ya mvua unaopita viwanja kumi. Kila mmoja akisafisha kipande chake wote wamepona, na kila mmoja ana sababu nzuri ya kungoja wenzake waanze.

Matokeo ya kungojeana yanapimika. Mshambuliaji akituma ombi dogo kwa seva iliyo wazi, huku ameandika anwani ya mlengwa kama mpelekaji, seva hiyo, kwa uaminifu wake wote, humpelekea mlengwa jibu kubwa mara nyingi zaidi ya ombi. Machi 2013 Spamhaus walielekezewa furiko lililotajwa kufikia takriban gigabiti 300 kwa sekunde kwa njia hii. Tarehe 28 Februari 2018 GitHub walipokea terabiti 1.35 kwa sekunde. Katika safu ya "chanzo" ya aliyeshambuliwa hujaa anwani za kweli za seva za watu waliotumiwa bila kujua, na anayezifunga zote kwa hasira anaweza kujifungia hata seva anazozihitaji ili mtandao wake uende.

Si kila furiko hutumia majina ya kughushi, na nisingependa msomaji aone uongo kila mahali. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya ulipozidiwa, Waziri Eliud Owalo alieleza kwamba ulirundikiwa maombi kupita kawaida. Maombi ya namna hiyo huweza kutoka kwa kompyuta halisi zilizotekwa, na hapo BCP 38 haina msaada mkubwa. Kila ugonjwa una dawa yake.

Lakini huu wa kughushi dawa yake imeandikwa miaka mingi sasa. Tangu 2014 kampuni za mitandao zimekuwa zikihimizwa kupitia mpango wa MANRS zijitangaze hadharani kwamba zinachuja. Nchini kwetu raia ameagizwa kuweka alama za vidole ili amiliki laini ya simu. Bibi wa kijijini alipanga foleni mwaka 2019 na 2020 ili laini yake isizimwe. Mtandao unaozibeba pakiti zetu haujaulizwa kwa ukali wa namna hiyo kama unakagua anwani zinazotoka kwake. Tumedai utambulisho kwa aliye chini, anayefikika, tena aliye tayari kutii.

Wale wanne hawakusimamishwa. Bweni halikukatiwa mtandao, na tarehe ya mwisho ya usajili ilisogezwa kwa siku tatu bila sababu kutajwa katika tangazo. Yule kijana aliziandika amri zote mbili, ya kuingia na ya kutoka, kwa alasiri moja, na siku iliyofuata faiawoli ilikuwa inazitupa maelfu ya hodi za uongo bila mtu kuitwa popote. Aligundua pia kwamba amri ya kutoka ilikuwa inakamata pakiti chache zilizoghushiwa kutoka ndani. Zilitokea kwenye kompyuta moja kuukuu ya ofisi ya uhasibu, iliyokuwa na kirusi. Hakuna kikao kilichoitishwa kuhusu mhasibu.

Kilichobaki kilikuwa nje ya uwezo wa chuo. Kutupa pakiti mlangoni kwetu hakuzuii waya kujaa kabla hazijafika, hivyo chuo kilimwandikia mtoa huduma wake kumwomba azizuie upande wake pakiti zote zinazotokea nje zikidai anwani zetu. Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Lilisema kwamba ombi limepokelewa, kwamba uchujaji wa aina hiyo ni huduma ya ziada, na kwamba bei yake imeambatishwa.