Klimu ya motokari yetu, na falanga tuliyopoteza kwanza



Sisi ni walimu watano wa kike, wakaaji wa Katuba. Kwa falanga ya likelemba tulinunua motokari moja ya zamani, Toyota Ipsum ya mwaka 1998, yenye usukani wa kuume. Ilitoka Japani, ikashukia bandari ya Dar es Salaam, ikavuka Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, kama nyingi mnazoziona hapa Lubumbashi. Inatupeleka kazini sisi na watoto wetu.

Klimu yake ilikuwa imekufa tangu siku tuliyoinunua, lakini hatukujali. Mwezi wa Juni na wa Julai asubuhi zetu ni za baridi. Nani atatafuta klimu? Ikafika Oktoba, kabla ya mvua. Mnajua wenyewe: jua kali, vumbi jekundu na makamyoni mbele yako. Tukifungua vioo, vumbi linaingia. Tukivifunga, tunapikika kama muhogo chunguni.

Kati ya watoto wetu kuna mmoja wa miaka sita mwenye ugonjwa wa asma. Siku moja, tukitoka shuleni, kifua kilimbana njiani. Tulisimama kando ya barabara, mama yake akamshikia pompi ya dawa mdomoni, sisi wengine tukimpepea kwa madaftari ya wanafunzi. Alipona, Mungu asifiwe. Jioni hiyohiyo tuliamua: klimu itengenezwe.

Hapa ndipo tulipokosea. Zamu ya likelemba ilikuwa ya mwenzetu mmoja, naye alikuwa ameiwekea minervali ya binti yake. Akakubali tuikope. Tulienda garaji ya karibu. Kijana hakupima kitu; alifungua kapo, akatia gazi, akapokea dola 40. Baridi ikatoka, tukapiga vigelegele. Baada ya wiki mbili ukarudi upepo wa moto. Mwenzetu hakugombana nasi. Alisema tu: "Basi tulinunua hewa kwa minervali ya mtoto wangu." Neno hilo lilituuma kuliko matusi.

Mzazi mmoja wa shule akatuelekeza kwa fundi mzee. Tulimwambia, "Papa, safari hii utufundishe kwanza, ndipo tulipe." Akacheka, akafundisha.

Gazi ya klimu, alisema, haiishi kama mafuta. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto. Kondensa, iliyo mbele ya radiata, inaipoza mpaka inakuwa maji. Halafu inapita katika tundu jembamba, inapanuka, inakuwa baridi sana, nayo feni inapuliza ubaridi huo kwetu. Kama gazi imepunguka hivyo, kuna mahali inapovuja. "Mama mwalimu, unajaza ndoo yenye tundu?"

Alisukuma azoti ndani ya mabomba na kupaka povu la sabuni kwenye viungio. Povu lilichemka mahali pawili: kwenye kondensa iliyopigwa na jiwe, na shingoni mwa kompresa. Kompresa mpya hatukuiweza. Tukaenda pamoja naye kwa wauzaji wa vipande vya okazyoni, mahali wanapofungua motokari zilizogongwa.

Hapo tulijifunza kuchagua. Kompresa tuliyopewa kwanza midomo yake ilikuwa wazi, imeingia vumbi. Fundi akaikataa. Ya pili alimimina mafuta yake kidogo kwenye kitambaa cheupe: yalikuwa meusi, yenye chembe za chuma zinazong'aa. Akaikataa pia, kwa sababu chembe hizo zingeziba mabomba yote. Ya tatu ilikuwa imezibwa vizuri, mafuta yake safi, ikizungushwa kwa mkono inakwenda laini. Namba yake tuliilinganisha na ya kwetu. Hiyo tukainunua pamoja na kondensa isiyopindika, na muuzaji akaandika kwenye karatasi kwamba ikikataa ataibadilisha.

Lakini vitu viwili fundi alikataa kuvichukua vya zamani: filta inayokausha unyevu, na mipira midogo ya kuziba viungio. Filta iliyokaa wazi imekwisha kunywa unyevu wa hewa. Hivyo tulinunua vipya, navyo si vya bei kali. Baada ya kufunga vyote, alivuta hewa yote kwa pompi dakika 45, akangoja aone kama saa ya kipimo inarudi. Haikurudi. Ndipo akatia gazi ya R134a kwa mizani, gramu zilezile zilizoandikwa chini ya kapo.

Wamama, mtu akiwaambia atatia gazi ya kupikia kwa kuwa ni ya bei ndogo, kataeni. Ikivuja ndani ya motokari, cheche moja inatosha. Hata R134a isiachwe ovyo hewani: inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko moshi wa kaboni wa uzito uleule. Ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalipatana kule Kigali kupunguza gazi za namna hiyo.

Asubuhi ya kwanza, tulipofika shuleni, maji yalikuwa yanadondoka chini ya motokari. Mmoja wetu akapiga kelele, "Radiata imepasuka!" Tukamwita fundi kwa simu. Akacheka sana. "Hayo ni maji ya hewa, mama. Klimu inafanya kazi." Sasa tunajua: maji safi yakidondoka upande wa abiria, ni habari njema.

Klimu haiponyeshi asma. Pompi ya dawa bado iko mfukoni mwa mtoto, na daktari bado anamfuata. Lakini tunafunga vioo, vumbi linabaki nje, naye anasinzia njiani.

Falanga ya minervali tuliirudisha kwa miezi mitatu, kila mmoja fungu lake, kabla ya kuanza zamu nyingine. Na tulikubaliana neno moja katika likelemba yetu: kabla ya kujaza, tutafute kwanza tundu. Mwenzetu ndiye aliyeliandika kwenye daftari.