Sabuni Ilibadilika, Mazoea Yakabaki

Wanaozikumbuka mashine za kuosha vyombo za Marekani za miaka ya 1980 husema zilitakatisha kuliko za leo, tena kwa muda mfupi. Wanakumbuka sawasawa, ila sifa wanampa asiyestahili. Sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa ya fosfeti iliyomo kwenye sabuni, iliyoyashika madini ya maji magumu yasigande kwenye glasi na kuuzuia uchafu usivirudie vyombo. Kwa bahati mbaya, fosfeti hiyohiyo ikifika ziwani hurutubisha mwani, na mwani ukioza huwanyima samaki oksijeni. Majimbo kadhaa yalipoibana Julai 2010, watengenezaji waliiondoa katika sabuni za nyumbani nchi nzima. Umoja wa Ulaya nao uliweka kikomo mwaka 2017. Glasi zikaanza kutoka na ukungu mweupe, lawama ikaiangukia mashine.

Sabuni za sasa hutegemea zaidi vimeng'enya vinavyovunja wanga na protini, navyo vinataka joto la wastani na muda. Ndiyo maana mzunguko wa kawaida huweza kufika saa mbili au zaidi. Anayelalamika kwamba huo ni upotevu wa umeme asahau saa ya ukutani kidogo: kinachokula umeme zaidi ni kupasha maji moto, na tangu 2013 mashine ya kawaida Marekani hairuhusiwi kupita lita 19 hivi kwa mzunguko. Kwa kuwa mashine nyingi huko huunganishwa na bomba la maji moto, inafaa kufungulia bomba la sinki mpaka maji yapate moto ndipo uiwashe. Kusuuza sahani kabla ya kuzipanga, mazoea yanayoshikiliwa kuliko yote, hakuna faida. Mashine nyingi zina kitambuzi kinachopima uchafu wa maji. Kikikuta maji meupe, huchagua uoshaji mwepesi, na mafuta ya sufuria yanabaki palepale. Wapo wanaohofia chujio kuziba, na hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kukung'uta mifupa na makombo, kisha kusafisha chujio chenyewe mara kwa mara.

Ukaushaji nao umebadilika. Zamani waya wa moto chini ya mashine ulikausha kila kitu. Nyingi za leo huacha joto la suuzo la mwisho ligeuze maji kuwa mvuke, unaorudi kuwa maji kwenye kuta za chuma na kuchuruzika. Hapo dawa ya kusuuzia, inayodhaniwa kuwa ujanja wa wauzaji, ina kazi ya kweli: hupunguza mvutano wa uso wa maji, yatandae na kuteleza badala ya kusimama matone. Kuufungua mlango kidogo mara mzunguko unapoisha husaidia pia. Plastiki haihifadhi joto la kutosha, kwa hiyo bakuli zake zitaendelea kuhitaji kitambaa.