Safari ya Kyela: Walichoacha Wadachi Kando ya Ziwa Nyasa

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu ametuhimiza tutembee katika ardhi na tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Aghalabu tusikiapo himizo hilo fikira zetu huenda mbali, kwenye magofu ya Misri na Shamu, tukasahau kwamba hata katika nchi yetu wamepita watu waliotawala, wakajenga, wakaamrisha, kisha wakaondoka. Basi nilipojaaliwa kusafiri kwenda Kyela nilitia nia ya kulitazama jambo hilo moja: Wadachi, yaani Wajerumani, waliotawala upande ule kwa muda wa robo karne hivi, wameacha nini?

Kutoka Mbeya barabara hupanda hadi Tukuyu, mji wa baridi na mvua chini ya mlima Rungwe, wenye migomba na mashamba ya chai kila upande. Mji huu Wadachi waliuita Neu-Langenburg, maana yake Langenburg Mpya. Ile ya kwanza waliianzisha mwaka 1893 ufukweni mwa ziwa, mahali paitwapo Lumbila, chini ya milima ya Livingstone. Jina walilitoa kwa mwana wa kifalme wa kwao, Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa mkuu wa chama chao cha makoloni. Lakini ufukwe wenye joto na homa haukuwafaa, na karibu na mwaka 1900 walihamishia serikali yao juu milimani. Leo nenda Tukuyu ukaulize njia ya kwenda Langenburg, utaona kila mtu anakutazama kwa mshangao. Jina limekufa.

Kutoka Tukuyu nilishika njia ya zamani ya kuteremka ziwani, ile ipitayo Masoko. Hapo pana ziwa dogo la mviringo, lililokaa katika kinywa cha mlima wa moto uliozimika, na juu ya ukingo wake limesimama jengo la mawe la askari wa Kidachi. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza kikosi chao cha tano kilikaa hapo. Walipoondoka Wadachi jengo halikubomolewa, bali likaja kuwa mahakama ya wenyeji. Husimuliwa kwamba Wadachi walipoona wameshindwa walitupa mali zao majini, na hata sasa mgeni aweza kuonyeshwa sarafu za kale zilizookotwa kando ya maji.

Nami nilionyeshwa moja. Upande mmoja pana maandishi ya Kidachi, na thamani yake imeandikwa rupia. Nikaigeuzageuza mkononi kwa mshangao, kwani rupia ni fedha ya Bara Hindi. Wadachi walipoingia pwani yetu waliikuta rupia ndiyo fedha ya biashara, nao wakaifuata. Mwaka 1904 wakaigawa katika sehemu mia, na kila sehemu wakaiita heller. Ndilo neno letu la hela. Mtoto wa Kyela aombapo hela ya daftari hajui kwamba ametaja sarafu ya Wadachi. Na aendapo shule amewataja tena, kwa sababu neno shule nalo ni lao. Ndugu zetu wa Unguja, ambao Wadachi hawakuwatawala, wao husema skuli, wakafuata Kiingereza. Tazama basi: boma la Lumbila limekwisha, jina la Langenburg limekufa, na maneno mawili madogo yasiyolindwa na askari yeyote yangali hai katika vinywa vya watoto.

Ile rupia ilinikumbusha mji mwingine uliotawaliwa na Wazungu kisha wakauacha. Katika pwani ya mashariki ya Bara Hindi uko mji wa Puducherry, ambao Wafaransa waliushika tangu mwaka 1674. Nchi yote iliyouzunguka ilipokuwa chini ya Waingereza, mji huo na vijiji vyake, pamoja na Karaikal, Yanam na Mahe, ilibaki mikononi mwa Ufaransa. Tarehe 1 Novemba 1954 Wafaransa waliikabidhi kwa serikali ya Bara Hindi, na mkataba ukatimia rasmi tarehe 16 Agosti 1962. Hata leo wasafiri hueleza kwamba njia za mji ule zingali na majina ya Kifaransa, na polisi wake huvaa kofia nyekundu za namna ya Kifaransa. Nikajisemea kwamba mambo ya watawala ni yale yale kila mahali, tusivyodhani hudumu kuliko tulivyodhani. Lakini nilikuwa sijafika mwisho wa somo langu.

Kutoka Masoko njia huteremka kwa kasi, baridi ikaisha na joto likakupokea. Uwanda wa Kyela ni nchi ya maji. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote yamimina ziwani hapo, na mvua ya mwaka yapita milimita 2,000. Pana mashamba ya mpunga unaosifiwa nchi nzima kwa harufu yake, na chini ya kivuli cha migomba pana mikakao. Watu ni Wanyakyusa, wakarimu na wenye adabu. Hukupa ndizi kabla hujauliza maji, nawe ukisema ndaga, yaani ahsante, hufurahi kana kwamba umesema hotuba.

Nilifika Matema, kwenye pembe ya ziwa, siku ya Jumamosi, ambayo ni siku ya soko katika kijiji cha jirani cha Lyulilo. Wanawake wa Kikisi walikuwa wameshusha mitumbwi iliyojaa vyungu kutoka Ikombe, vyungu vyepesi, vilivyonakshiwa kwa rangi nyeupe na nyekundu. Wamisionari wa Kidachi walifika nchi hii mwaka 1891, wale wa Berlin upande huu na Wamoravian upande wa Rungwe, na makanisa yao yangali yamejaa watu hadi leo. Vyungu vya Wakisi vilikuwako kabla yao, navyo vingali viko.

Adhuhuri ilipoingia nilitia udhu kwa maji ya ziwa, nikasali juu ya mchanga pamoja na wavuvi wawili. Baada ya sala nilitazama kusini, ambako milima ya Livingstone yasimama ukutani mwa maji, na nyuma ya miamba ile ndiko Lumbila iliko. Hapo imenipasa kusema jambo ambalo sisi Waislamu hatupendi kulisema.

Kabla ya Wadachi walifika ziwani watu wa pwani, wenye majina kama yetu na kanzu kama zetu. Huko Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, alikaa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watu. Mwaka 1887 watu wake waliwaua Wangonde wengi kando ya maji, wake kwa waume, na vita vyake na Waingereza vilidumu hadi Desemba 1895 aliponyongwa. Wazee wa upande ule hawajasahau. Mtu akitaka kujua kwa nini dini yetu ilikawia kupendwa kando ya ziwa hili, asitafute mbali. Dhulma iliyofanywa na mtu mwenye jina la Kiislamu ilikuwa pazia mbele ya Uislamu wenyewe.

Wadachi nao walikuja wakisema wanakuja kuikomesha biashara hiyo. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilinunuliwa kwa fedha zilizokusanywa kwa jina la kupinga utumwa, ikaletwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Walakini katika koloni lao utumwa wenyewe hawakuufuta kwa sheria. Ulifutwa mwaka 1922, Waingereza wakitawala. Na meli ile mwisho wake ulikuwa wa ajabu. Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, nahodha wake hana habari kwamba vita vimeanza, mara nahodha wa Kiingereza, aliyekuwa rafiki yake, akamfyatulia mzinga. Karatasi ya habari ilimfikia mmoja, haikumfikia mwenzake. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia, na enzi ya Wadachi kando ya Nyasa ikakoma.

Nani basi aliyefanya jina la Uislamu lisikike kwa wema? Katika mengi ya maboma ya Wadachi bara, waliokuja na serikali hawakuwa Wadachi peke yao. Walikuwako askari, makarani, mafundi na wachuuzi, wengi wao Waislamu, pamoja na wake zao na watoto wao. Hawakutumwa na mtu kueneza dini. Walisali, waliwafundisha watoto wao, waliuza chumvi na nguo kwa vipimo vya haki, wakazika maiti wao kwa heshima, na majirani wakawa wanatazama. Serikali ya Wadachi haikukusudia jambo hilo hata kidogo, na wamisionari walilinung'unikia. Nalo likabaki.

Siku ya pili nilikwenda Kyela mjini, na kutoka hapo hadi mpakani Kasumulu, kwenye mto Songwe. Ndipo nilipolipata jibu la swali langu. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi walitia saini mkataba wa kugawana nchi. Ndani yake waliandika kwamba mpaka utafuata ufuo wa ziwa, mashariki, kaskazini na magharibi, mpaka kwenye mlango wa Songwe, kisha uupande mto. Hapakuwa na Mnyakyusa, wala Mngonde, wala Mkisi aliyeulizwa. Wanyakyusa na Wangonde ni watu wa asili moja, na lugha zao zakaribiana sana. Wino ukapita katikati yao.

Kwa maneno hayo machache Malawi husema ziwa lote la upande huu ni lake, na Tanzania hujibu kwamba mpaka wapita katikati ya maji. Mwaka 2012 mzozo ulipamba moto kwa sababu ya utafutaji wa mafuta na gesi, hata wakaombwa marais wastaafu wa Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, wapatanishe. Mto Songwe nao haukutia saini mkataba wowote. Kila baada ya mafuriko makubwa huhama njia yake, na mtu aweza kulala shamba lake likiwa nchi hii, akaamka likiwa ng'ambo. Mmoja wa wale wavuvi niliosali nao Matema alikuwa ameniambia, "Shehe, samaki hawaulizwi wametoka wapi. Twaulizwa sisi." Niliposimama juu ya daraja la Songwe ndipo nilipoyaelewa maneno yake.

Mambo ndivyo yalivyo hata Puducherry. Kofia na majina ya njia ni pambo tu. Lililo zito ni kwamba vipande vile vinne, vilivyoachana kwa mamia ya kilomita, vingali vikitawaliwa pamoja kama jimbo moja, kwa sababu tu Wafaransa ndio waliokuwa wakivitawala. Na mkataba ulipotimia mwaka 1962, wenyeji wengi walipewa miezi sita kuamua kama watabaki raia wa Ufaransa. Basi aliyetia saini na asiyetia saini, wajukuu wao hadi leo wamo katika dola mbili mbalimbali, ijapokuwa nyumba zao zaweza kuwa katika njia moja.

Basi, ndugu msomaji, watawala huacha mambo matatu. Huacha majengo, nayo huanguka au hupata kazi nyingine. Huacha desturi na maneno, nayo hukaa bila ya idhini yao. Tena huacha maandiko, na hayo ndiyo magumu kuliko yote, kwa maana ukuta waweza kubomolewa na mvua, lakini wino hufutwa kwa wino mwingine tu, na kwa ridhaa ya watu wawili.

Dini yetu ilitufundisha zamani kwamba mapatano yaandikwe, mwandishi awe muadilifu, mwenye haki ahudhurie, na mashahidi wawepo. Mkataba wa 1890 uliandikwa vizuri sana, ila wenye haki hawakuwepo. Hata hivyo waandishi wake waliacha mlango mmoja, wakasema mipaka yaweza kurekebishwa kwa mapatano kulingana na mahitaji ya mahali. Na mwaka 2017 Tanzania na Malawi zilikubaliana kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto Songwe. Twaomba na la ziwa lipate mwisho wa kheri.

Lakini kabla ya kuwalaumu wafalme tutazame nyumbani kwetu. Ni mashamba mangapi ya urithi yaliyogawanywa na ndugu wa kiume, dada yao yuko jikoni hajaitwa? Ni mahari ngapi zilizotajwa kwa mdomo, zikakanwa baadaye? Ni mayatima wangapi waliopotezewa mpaka wa shamba kwa sababu baba yao aliona haya kuandika? Kila fungu la namna hiyo ni mkataba wa 1890 mdogo, na wajukuu watausimamia kwa ugomvi. Basi leo, kabla ya kulala, mwiteni kila mwenye haki, kaeni pamoja, mkaandike. Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu katika kalamu zetu. Amin.