Kwa Saiba Sote ni wa Ndani

Januari 2022 kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza kosa kwenye pkexec, programu ndogo inayokuja na Linux nyingi. Kazi yake ni ya bawabu: mtumiaji wa kawaida akitaka kufanya jambo la msimamizi, pkexec ndiyo humuuliza, una ruhusa? Kosa hilo, walilolibatiza PwnKit, lilikuwemo tangu toleo la kwanza, Mei 2009. Mimi nilikuwa darasa la tano.

Lenyewe linachekesha. Kila programu ikiitwa hupewa orodha ya maneno, na neno la kwanza huwa jina lake. Aliyeandika pkexec alianza kusoma kutoka neno la pili, maana nani ataita kitu bila jina? Sasa ukiiita kwa orodha tupu, inapitiliza na kusoma kilicho jirani kwenye kumbukumbu: mipangilio ya mtumiaji. Tena inaandika juu yake. Hivyo unarudisha mpangilio hatari ambao mfumo ulikuwa umeutupa mlangoni, nao unaiambia pkexec ipakie msimbo wako. Na kwa kuwa pkexec huendeshwa kwa mamlaka ya root, msimbo wako pia ni root. Hakuna kuulizwa nenosiri.

Wataalamu walilipa 7.8 kati ya 10. Halikufika tisa kwa sababu ni la "ndani": lazima uwe na akaunti kwenye mashini kwanza. Hapo ndipo nabishana nao. Mtu wa ndani wanayemwaza ana kadi ya kazi shingoni. Mimi, baada ya karo kunitoa chuo, nilikuwa nauza dakika kwenye saiba moja mtaani. Bosi alituwekea Linux kwa sababu ni ya bure. Wateja waliingia kwa akaunti ya mgeni. Skani za vitambulisho, PIN za KRA na vyeti vya KCSE zilikaa kwa akaunti yetu. Ukuta uliotenganisha hizo mbili ndio PwnKit ilitoboa. Bob moja kwa dakika, na tayari wewe ni wa ndani.

"Bosi, hizi mashini lazima tuziapdeti leo."

"Ziko na virusi?"

"Hapana, lakini..."

"Basi wachana nazo. Bando ni ya wateja."

Bahati, dawa ya muda haikula bando. Ni amri moja, chmod 0755 /usr/bin/pkexec, inayoipokonya programu hiyo mamlaka ya root. Niliiandika mara sita, mashini baada ya mashini, huku mama mmoja akiuliza, "Kijana wangu, printa ya rangi inafanya?"

Kinachonikera hadi leo ni 2013. Mwaka huo Ryan Mallon aliandika hadharani kuhusu pkexec na hiyo orodha tupu. Aliona mzizi wa kosa, ila hakupata njia ya kulitumia kujipa mamlaka. Naona watu walisikia "hakupata njia" wakaelewa "hakuna njia," maana miaka minane ilipita bawabu akiwa vilevile. Ni baada ya Qualys ndipo kiini cha Linux chenyewe kilibadilishwa: siku hizi ukiita programu kwa orodha tupu, kinaweka neno tupu mahali pa jina.