Ukumbi Uliochelewa Kufunguka

Waliosoma sekondari Kenya enzi za tamthilia ya Kifo Kisimani wanaijua safari ile: kuoga maji ya baridi alfajiri, sare iliyonyoshwa kwa pasi ya makaa, basi la shule linalonguruma kwa nyimbo hadi katikati ya Nairobi, na mwalimu wa Kiswahili akisimama mlangoni kutukumbusha kwamba tumekuja kuona fasihi, hatukuja kutembea. Kisha tukamwagika Barabara ya Harry Thuku, Hoteli ya Norfolk upande mmoja na Kenya National Theatre upande wa pili, tukiwa na njugu karanga mifukoni ambazo hatukuruhusiwa kuingia nazo na ambazo sote tuliingia nazo.

Ndani palinukia mahameli na vumbi la miaka, viti vikilia kila mtu alipogeuka kumtafuta mwanafunzi wa shule jirani, na taa zilipozimwa shule zote zilipiga mayowe kwa pamoja. Mtemi Bokono alipoingia tulimzomea hata ikabidi asimame kungoja. Mwelusi naye hakuachiwa amalize kauli zake. Kuna aliyezimalizia kutoka viti vya nyuma, kwa sababu tulikuwa tumezikariri kwa ajili ya swali la dondoo.

Siku hizi tiketi huja kwenye simu. Unalipa kwa M-Pesa, unakaguliwa mlangoni, unakaa. Kiti hakilii.

Ukarabati mkubwa ulifanywa kwa ufadhili wa kampuni ya bia ya East African Breweries, na Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaufungua ukumbi upya. Taa zinamulika pale zinapotakiwa. Sauti inasikika. Siwezi kulalamika, ingawa nilikuwa nimeizoea ile harufu.

Lakini rangi na viti vilikuwa kazi nyepesi. Ukumbi huu ulifunguliwa 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, na haukujengwa kwa ajili ya watu wa Kiambu au Kaloleni. Hata baada ya uhuru ulikuwa mgumu kwa wenyeji. Mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga zilipewa siku chache tu, zikabanwa katikati ya baleti ya Wafaransa na mchezo wa kuchekesha wa wageni. Februari 1982 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilipokuja na tamthilia ya Maitũ Njugĩra, kilikuta milango imefungwa. Mwezi uliofuata ukumbi wao wenyewe kule Limuru, ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao, ukabomolewa.

Ndiyo maana Mei 2022 nilikwenda kuona Ngaahika Ndeenda nikiwa na moyo mzito kidogo. Tamthilia iliyopigwa marufuku 1977, ikamtia Ngũgĩ kizuizini bila kesi, sasa ilichezwa kwenye jukwaa la taifa, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, bila askari hata mmoja wa kuwatawanya watu. Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyeiandika pamoja naye, alikuwa amefariki Zimbabwe 2008. Watu walijaa. Walicheka, wakaimba, baadhi ya wazee wakajifuta macho.

Na bado nilijiuliza: Kĩgũũnda, yule mfanyakazi wa shamba anayepokonywa kipande chake cha ardhi, angepata wapi pesa za kuja kujitazama? Kule Kamĩrĩĩthũ, ilikochezwa kwanza, waigizaji walikuwa vibarua na wakulima wenyewe, na watazamaji walisahihisha mazoezi. Hapa tulipiga makofi vizuri, tukatoka tukaita teksi kwa simu.

Sitaki kuwaonea hawa watazamaji wapya, maana wao ndio waliouokoa ukumbi. Vijana wa Too Early for Birds walipoleta Brazen mwaka 2018, masimulizi ya wanawake wa historia ya Kenya, wenzao waliwafuata kama wanaokwenda mpirani, na hawakuletwa na basi wala mtihani. Sisi tulikuja kwa amri; hao wamekuja kwa hiari, wamelipa, na wiki ijayo watarudi na marafiki. Wengine wanajua habari za Mekatilili, shujaa wa Wagiriama, zaidi kuliko nilivyozijua mimi nikimaliza kidato cha nne. Kelele wanazo pia, ila nyingi wanazipeleka mtandaoni baada ya onyesho.

Katika mapumziko ya Ngaahika Ndeenda kijana aliyekaa karibu nami, wa miaka ishirini hivi, aliniuliza kama ni kweli mtu alifungwa kwa ajili ya hadithi ya harusi na shamba. Nikaanza kumweleza: Limuru, leseni iliyofutwa, gereza la Kamiti, riwaya aliyoiandika huko kwenye karatasi za chooni. Sijafika kwenye karatasi za chooni, keshaipata yote kwenye simu, akanisomea mimi. Kisha akaniuliza kama Maitũ Njugĩra nayo italetwa, na tiketi zitaanza kuuzwa lini.