Landrover yenye roho ya Toyota
Jumamosi moja niliukimbia ujoto wa Bongo, nikatua Msamvu, Moro, mji kasoro bahari. Safari yenyewe ilikuwa ya Nyandira, kule Mgeta, juu Uluguru, zinakotoka zile kabichi mnazokula Dar.

Usafiri? Landrover 109 ya enzi za babu! Ila ikiunguruma unashtuka: Toyota 3L hiyo. Dereva alichoshwa na injini yake ya petroli ya lita 2.25, kwa kunywa haijambo, akafunga dizeli ya lita 2.8 iliyotolewa kwenye Hiace. Fundi alichonga bamba la chuma, akaiunganisha na giaboksi ileile. Bomba!

Kumbe shafti za magurudumu ya nyuma hazikuguswa, nazo ndizo ugonjwa wa Landrover hizo. Tuliiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, tukapanda weee, mara, kaaa! Moja imekatika. Gari likaanza kurudi kinyumenyume, na nyuma yetu korongo. Handibreki? Ya Landrover hukamata propela, kwa hiyo shafti ikikatika haishiki kitu. Dereva akasimamia breki ya mguu, konda akaruka na gogo.

"Tulieni wazee," dereva akasema, akaingiza foo-wili. Magurudumu ya mbele yakaivuta taratibu hadi gulioni.

Mimi? Nilikuwa nyuma yao, kwa miguu.